Mtoto akitaka kuanza mchezo wa bunduki kwenye simu



Wapendwa wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, lishe ya watoto na maji safi. Safari hii tuzungumze juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu bila kupiga hodi, nalo ni michezo ya kufyatuliana risasi inayochezwa kwenye simu janja kwa njia ya intaneti. Ukipita Kibaoni au Lipangalala wakati wa jioni, si ajabu kuwakuta vijana wanne au watano wamekaa kwenye benchi, kila mmoja ameinamia simu, na mmoja anapaza sauti: "Njoo uniinue, nimeanguka!" Wamo ndani ya mchezo.

Wazazi wengi hujiuliza: Je, nimkataze mtoto au nimruhusu? Mzazi anayekataza jambo asilolijua, mara nyingi mtoto humtii nyumbani tu, akaenda kucheza kwa simu ya rafiki. Na anayeruhusu jambo asilolijua hushtuka baadaye, wakati usingizi, masomo na pesa vimekwisha kuharibika. Kwa hiyo ni afadhali tuujue mchezo wenyewe, kisha tuweke masharti kabla mtoto hajacheza mara ya kwanza. Siku ya kwanza mtoto atakubali masharti kwa furaha. Baada ya miezi sita ni vita.

MICHEZO HII IKOJE?

Inayojulikana zaidi ni mitatu. Free Fire ilitolewa mwaka 2017 na kampuni ya Garena ya Singapore. PUBG Mobile ilifuata mwaka 2018, na Call of Duty: Mobile mwaka 2019. Free Fire ilienea haraka katika nchi za kipato cha chini kwa sababu ilitengenezwa iweze kuchezwa hata kwenye simu za bei nafuu.

Mchezo wenyewe huenda hivi. Wachezaji, 50 katika Free Fire au 100 katika PUBG Mobile, wanapandishwa ndege na kushuka kwa miavuli juu ya kisiwa, mikono mitupu. Kila mmoja anakimbilia nyumba zilizo karibu kutafuta bunduki, risasi, fulana ya kujikinga na dawa. Kisha duara la usalama huanza kufinyika, na anayebaki nje yake anaumia mpaka afe. Hivyo wachezaji wote wanasukumwa mahali pamoja, wakipigana, hadi abaki mmoja au kikundi kimoja. Huyo ndiye mshindi. Mechi moja ya Free Fire huchukua kama dakika 10 hadi 15. Ya PUBG Mobile huweza kufika dakika 30.

Mtoto anayeanza mara nyingi hushinda mapema, akadhani ana kipaji cha pekee. Mzazi ajue kwamba katika ngazi za chini wengi wa wapinzani si watu, bali ni wachezaji bandia wanaoendeshwa na programu. Wamewekwa hapo ili mgeni aonje ushindi. Akipanda ngazi, anakutana na watu halisi wenye ujuzi, anaanza kushindwa, na hapo ndipo hasira na kiu ya "mechi moja tu" huanza. Msimu wa mashindano ukiisha ngazi hushushwa, na kazi huanza upya. Mchezo huu hauna mwisho kama bao au karata.

KWA NINI NI BURE?

Kuupakua na kuucheza hakulipiwi. Kampuni hupata fedha kwa kuuza vitu ndani ya mchezo: mavazi, rangi za bunduki, wahusika wapya, hata mitindo ya kucheza ngoma baada ya kumwua mpinzani. Vitu hivi hununuliwa kwa fedha za mchezo, ambazo katika Free Fire huitwa almasi, na almasi hununuliwa kwa fedha halisi. Vingine hutolewa kwa mtindo wa bahati nasibu: unalipa, gurudumu linazunguka, hujui utapata nini. Tunaowakanya vijana wetu wasicheze kamari tusifumbie macho gurudumu hili kwa sababu tu lina picha za kupendeza.

Aidha, kampuni hunufaika mchezaji anaporudi kila siku. Ndiyo maana kuna zawadi ya kuingia kila siku, na zawadi inayopotea usipoingia leo. Mtoto anapokuambia "lazima niingie leo," hasemi uongo. Mchezo umepangwa hivyo.

MAMBO SITA YA KUFANYA KABLA YA MECHI YA KWANZA

1. Tazama umri. Kabla ya kupakua, katika duka la programu kwenye simu, kando ya jina la mchezo kuna namba inayoonyesha umri unaofaa. Isomeni pamoja na mtoto. Kama hajafikia umri huo, jibu ni "bado." Watoto wa shule ya chini wana michezo mingine isiyo ya kuua. Na kwa wadogo kabisa, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo cha simu au televisheni, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku.

2. Tenga simu ya mchezo na simu ya fedha. Kama simu ni moja tu nyumbani, basi namba ya siri ya pesa ya simu isijulikane na mtoto, wala isiwe mwaka wake wa kuzaliwa. Kama kadi ya benki imeunganishwa na duka la programu, weka sharti la neno la siri kwa kila ununuzi. Mweleze mtoto kwamba yeyote anayeahidi almasi za bure na kuomba namba ya siri ni mwizi, hata kama anajiita rafiki.

3. Akaunti iwe na jina lisilo lake. Mchezaji hujichagulia jina. Lisiwe jina la ubatizo, la shule wala la kijiji, na picha yake isiwekwe. Neno la siri la akaunti mzazi alijue.

4. Pakua kwa mpango. Mechi moja haili bando kubwa. Kinachokula ni kupakua mchezo wenyewe, ambao unaweza kuchukua mamia ya megabaiti au gigabaiti kadhaa, na masasisho yanayokuja kila mara. Zima usasishaji wa yenyewe, ili bando ulilonunua kwa ajili ya kuwasiliana na ndugu lisiishe usiku mmoja.

5. Zima sauti za wageni. Ndani ya mchezo watu huzungumza moja kwa moja, na mtoto wako anaweza kupangwa kikundi kimoja na mtu mzima asiyemjua, wa nchi yoyote. Ingieni kwenye mipangilio pamoja, mzime kipaza sauti na sauti za wengine, au muache za marafiki mnaowafahamu tu. Sheria iwe fupi: hatutaji tunakoishi, hatutumi picha, hatuhami na mgeni kwenda kuongea mahali pengine. Akiombwa mojawapo ya hayo, amwambie mzazi, naye mzazi asimpige kwa kusema kweli.

6. Kaa naye mechi ya kwanza. Kuna uwanja wa mazoezi ambapo mtu hujifunza kukimbia, kulenga na kuinama bila kupigwa. Mwombe mtoto akufundishe. Utakosea, atacheka, nawe utakuwa umejua kinachoendelea ndani ya simu ile. Mzazi aliyewahi kushikwa mkono namna hiyo husikilizwa zaidi anaposema "basi."

HESABU MECHI, USIHESABU DAKIKA TU

Ugomvi mwingi nyumbani huanza hivi. Mama anaita: "Njoo ule!" Mtoto anajibu: "Ngoja kidogo." Mama anaona ni dharau. Lakini mchezo wa intaneti hausimamishwi katikati kama redio, kwa kuwa wengine wanaendelea kucheza. Anayetoka hupoteza alama na kuwaangusha wenzake wa kikundi.

Kwa sababu hiyo, mapatano mazuri ni ya mechi: "Leo mechi mbili, kisha kuteka maji." Naye mtoto ajue kwamba mechi haianzwi chakula kikikaribia kuiva, wala muda wa sala ya familia ukikaribia. Mechi mbili za Free Fire ni karibu nusu saa. Mechi mbili za PUBG Mobile zinaweza kufika saa nzima. Ujue ni mchezo upi kabla ya kukubali.

USINGIZI NA MBU

Hapa ndipo tunapoomba wazazi wasikilize zaidi, kwa maana sisi tunaishi katika bonde la Kilombero.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila usiku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mchezo wa kupigana huufanya moyo uende mbio na akili ichangamke. Mwanga wa simu nao huuchelewesha mwili kujiandaa kulala. Anayecheza mpaka saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri aende shule, amelala saa tano tu. Darasani atasinzia, na mwalimu atasema ni mvivu.

Tena vijana wengi huchezea nje usiku, kwenye baraza au penye mtandao mzuri, kwa kuwa ndani kuna joto. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mradi wa KINET ulipokuwa ukieneza vyandarua vyenye dawa katika Kilombero na Ulanga, wengi wetu tumejifunza kulala ndani ya chandarua, na malaria imepungua sana. Lakini watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamekwisha kuonyesha kwamba sehemu ya mbu waliobaki bondeni huuma nje na mapema jioni, kabla watu hawajaingia chandaruani. Kijana aliyekaa nje saa tatu usiku, miguu wazi, macho kwenye simu, hata hasikii anapoumwa.

Basi, kanuni ya nyumba za bondeni iwe hii: mchezo huchezwa mchana au jioni kabla giza halijaingia. Baada ya chakula cha usiku simu inalala chumbani kwa mzazi, na mtoto analala chandaruani. Kuingia na simu chandaruani si dawa. Humkinga na mbu, lakini humwibia usingizi.

WATOTO WENYE KIFAFA

Jambo hili linatuhusu kwa namna ya pekee. Katika milima ya Mahenge, juu ya bonde letu, kifafa kimejulikana kuwa kingi tangu miaka ya 1960, Daktari Louise Jilek-Aall alipoanzisha kliniki ya kuwatibu wagonjwa hao. Watafiti wa miaka ya karibuni wamekihusisha na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Familia nyingi za parokia zetu zina ndugu huko.

Kwa wagonjwa wachache wa kifafa, mwanga unaometa haraka haraka, kama ule wa milipuko ya mchezo, unaweza kuamsha degedege. Kwa wengi zaidi, kinacholeta shida ni kukosa usingizi na kusahau dawa, na michezo ya usiku huleta yote mawili. Mtoto mwenye kifafa aulizwe kwanza kwa mganga anayemtibu. Akiruhusiwa, acheze mchana, chumba kikiwa na mwanga, simu isiwe karibu na uso, na asiruke dozi hata moja.

Degedege likitokea, mwondoe karibu na moto na vitu vikali, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na usimkamate kwa nguvu. Likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali mara moja. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa povu. Msimwache mtoto peke yake kwa hofu.

MACHO, SHINGO NA MIKONO

Anayetazama simu husahau kupepesa macho, nayo hukauka na kuwasha. Kila baada ya mechi ainue uso, atazame mbali, kama vile mwembe ulio ng'ambo ya uwanja, kwa muda wa sekunde 20 au zaidi. Asimame, anyooshe shingo na vidole. Na kila siku atoke nje kwenye mwanga wa jua. Imethibitika kwamba watoto wanaokaa nje mchana kama saa mbili kwa siku hupungukiwa na hatari ya kupata tatizo la kutoona mbali. Mpira wa uwanjani basi ni dawa ya macho pia. Spika za masikioni zisifunguliwe sauti mpaka mwisho. Mtu wa pembeni akizisikia, zimezidi.

JE, MCHEZO HUU HUMFANYA MTOTO KUWA MUUAJI?

Tuseme kweli bila kutia chumvi. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, baada ya kupitia tafiti nyingi, kilieleza kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihusisha michezo hii na uhalifu wa kuua. Kiliona uhusiano mdogo na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana.

Hata hivyo mzazi Mkristo ana haki ya kuuliza zaidi ya hapo. Mtoto anasemaje anaposhinda? Je, ametoa matusi aliyoyasikia humo? Anamfokea mdogo wake akishindwa? Mtoto aliyeshindwa mechi akacheka na kwenda kuosha vyombo, mchezo kwake bado ni mchezo. Anayerusha simu na kutukana anahitaji kupumzishwa.

DALILI ZA KUPITA KIASI

Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo ya aina hii katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili kuu ni tatu:

(a) Anashindwa kujizuia: aanze lini, aache lini, acheze kiasi gani.
(b) Mchezo unatangulia mambo mengine yote: chakula, shule, marafiki, sala.
(c) Anaendelea hata akiona madhara, kama kufeli au kuiba fedha.

Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12 na kuharibu maisha yake ndipo huitwa ugonjwa. Kwa hiyo usimwite mtoto mgonjwa kwa sababu alicheza sana wakati wa likizo. Lakini usingoje mwaka uishe ukiona dalili hizo. Punguza mechi hatua kwa hatua, mpe shughuli nyingine pamoja na wenzake, ongea na mwalimu wake. Isipofaa, mpeleke kwa mganga. Wakati mwingine anayejificha ndani ya mchezo ana huzuni ya kufiwa, au anaonewa shuleni, naye hajapata wa kumwambia.

Wengine wameona ni kazi ya serikali. China iliagiza mwaka 2021 kwamba walio chini ya miaka 18 waruhusiwe kucheza michezo ya mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kwetu sheria ya namna hiyo itawekwa na baba na mama.

WAZAZI WANAPOKUWA SHAMBA

Lakini je, baba na mama wakiwa hawapo? Tunajua hali yetu. Msimu wa mpunga ukifika, wazazi wengi hushuka mashambani na kulala kwenye madungu kwa majuma mengi, na watoto wa shule hubaki mjini na bibi au na kaka mkubwa. Simu huachwa ili wapate kuwasiliana. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye mchezo, na pengine ndiyo inayopokea fedha za matumizi.

Kabla ya kuondoka, kaeni pamoja na bibi. Mwambieni mbele ya watoto: mechi ni mbili, mwisho ni magharibi, simu inalala kwa bibi. Bibi hahitaji kuujua mchezo. Anahitaji kujua kwamba ana mamlaka. Fedha za matumizi zitumwe kwenye simu yake, au kwa jirani mnayemwamini katika jumuiya. Nanyi mkipiga simu jioni, msiulize tu, "Mmekula?" Ulizeni pia, "Leo mmecheza na nani?"

MFANO WA KIJANA MWENZAO

Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza Carlo Acutis kuwa mtakatifu. Carlo alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, na alifariki mwaka 2006 kwa saratani ya damu akiwa na umri wa miaka 15. Alipenda kompyuta, na alipenda michezo ya video kama vijana wetu. Hakuitupa. Alijiwekea saa moja tu kwa wiki, kwa sababu hakutaka mchezo uwe bwana wake. Vijana wasimulieni habari hii, kwa maana Carlo alijiwekea kipimo hicho mwenyewe. Sisi tunaanza kwa kuwawekea mipaka watoto wetu, tukitumaini kwamba siku moja watajiwekea wenyewe, hata tukiwa shamba.

Samaki mkunje angali mbichi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Katika nyumba yetu nani anacheza, mchezo gani, na kwa simu ya nani?
2. Usiku simu yetu inalala wapi?
3. Tunapokuwa mashambani, nani ana mamlaka juu ya simu iliyobaki nyumbani?
4. Sisi wazazi, je, tunaiweka simu chini wakati wa chakula na sala?